Utulivu wa moyo haulipi deni

Nani asiyemjua mchuruzi asiyelala? Mchana wamwona sokoni akicheka na wanunuzi, akikunja nguo, akihesabu feza, akiita wapita njia. Usiku amelala chali, macho wazi, akifanya hesabu gizani. Anajumlisha, anatoa, anajumlisha tena. Hesabu haibadiliki, wala usingizi hauji. Asubuhi anarudi sokoni na kichwa kizito, anamgombeza mtoto bure, anauza kwa hasara kwa sababu ya haraka. Jioni yaanza yale yale.

Tuchukue mfano. Mama mmoja wa Goma anauza vitenge. Noeli imekaribia, naye amenunua mzigo mkubwa kuliko siku zote ili kuupeleka Bukavu kwa mashua. Nusu ya feza ilikuwa yake mwenyewe. Nusu aliipata katika likelemba. Wamo wanawake 10. Kila juma kila mmoja atoa kiasi kile kile, na kila juma mmoja apokea yote. Yeye alipata zamu ya kwanza. Mashua inapigwa na tufani ziwani Kivu. Watu wanaokolewa wote, Mungu ashukuriwe, lakini mzigo unakwenda chini ya maji.

Sasa mama huyu halali. Rafiki yake anakuja kumpa shauri: «Dada, keti peke yako kila asubuhi. Funga macho, fuata pumzi yako tu. Mawazo yakija, yaache yapite. Wakubwa wa makampuni ya Marekani wafanya hivyo, ndiyo sababu hawavunjiki moyo.»

Je, shauri hili ni zuri? Wengine hulicheka: pumzi itarudisha vitenge? Wengine huliogopa, wakisema ni dini ya kigeni. Wengine hulisifu kama dawa ya kila ugonjwa. Afazali sisi tusicheke, tusiogope, wala tusisifu upesi. Tulipime kwanza.

Zoezi lenyewe

Zoezi hili ni la zamani sana. Lilifundishwa na Buda na wanafunzi wake katika nchi ya India, miaka mia nyingi kabla ya kuzaliwa Kristu. Katika luga yao ya Kipali waliliita sati, neno lenye maana ya kukumbuka na ya kuwa macho. Mtu hujikumbusha kwamba yupo hapa, sasa, na kwamba anafanya jambo hili.

Mwaka 1979 mwalimu mmoja Mmarekani, Jon Kabat-Zinn, alilichukua zoezi hilo akalileta katika chuo cha waganga cha Massachusetts, mjini Worcester. Aliacha kando mafundisho ya dini, akatengeneza masomo ya majuma 8 kwa ajili ya wagonjwa wenye maumivu yasiyokwisha. Kutoka hospitali zoezi likaenda mashuleni na magerezani, kisha katika makampuni. Mwaka 2007 kampuni ya Google ilianza kuwafundisha watu wake. Leo linafundishwa kwa wachuruzi wadogo pia, na mwenye simu aweza kulisikia nyumbani kwake.

Namna yake si ngumu kueleza. Mtu huketi sawasawa, kimya. Huangalia pumzi yake inavyoingia na kutoka. Kitambo kidogo fikira zimekwenda sokoni, zimekwenda kwa mwenye deni, zimekwenda kesho. Anapotambua kwamba zimekwenda, hazigombezi, huzirudisha taratibu kwenye pumzi. Zitakwenda tena, naye atazirudisha tena. Ndiyo kazi yote. Ni kama mchungaji na mbuzi wake: hawezi kuwazuia wasitangetange, lakini aweza kuwarudisha kila mara bila kuwapiga mawe.

Je, jambo hili ni geni kwetu? Namna hii ya kulifanya ni ngeni, lakini jambo lenyewe siyo. Watawa wa jangwa la Misri, katika karne ya nne, waliketi katika vyumba vyao wakichunguza mawazo yanayoingia rohoni, kama bawabu achunguzavyo watu mlangoni. Mtakatifu Inyasi wa Loyola, katika kitabu chake cha Mazoezi ya Roho kilichokubaliwa na Papa Paulo wa Tatu mwaka 1548, aliwataka watu wasimame kila siku na kuitazama siku yao: nilifanya nini, nilisukumwa na nini? Na wazee wetu, aliyekuja na hasira nyingi kuleta shauri walimwambia: «Keti kwanza, kunywa maji.» Hawakumpa maji kwa sababu ya kiu tu.

Faida yake

Tukubali basi kwamba kutulia kuna faida kwa mchuruzi. Faida gani?

Kwanza, humsaidia kuona hasara ilivyo, bila kuongeza wala kupunguza. Maana hasara ni kitu kimoja, na maneno tunayojiambia juu ya hasara ni kitu kingine. Vitenge vimezama: hiyo ni hasara. «Mimi ni mtu wa mikosi, kila mtu ananicheka, watoto wangu watakufa njaa»: hayo ni maneno. Usiku yote mawili huchanganyika, na mtu hubeba mizigo miwili mahali pa mmoja. Anayetulia huanza kutenganisha. Mzigo mmoja peke yake ni mzito, lakini wabebeka.

Pili, humzuia asitupe feza nyingine nyuma ya feza iliyopotea. Kosa hili wachuruzi walijua. Mtu amenunua mashine mbovu. Ameitengeneza mara moja, mara mbili, mara tatu. Akili yasema: iache. Moyo wasema: nitaiachaje, nami nimekwisha kutoa feza nyingi hivi? Kwa hiyo anaongeza. Mwaka 2014 wataalamu watatu, Hafenbrack, Kinias na Barsade, walitoa habari za majaribio yao juu ya jambo hili. Watu waliokuwa wamefuata pumzi kwa dakika 15 tu walikuwa wepesi zaidi kukata shauri la kuacha kitu kisichofaa tena, kuliko wale waliokaa wakiacha mawazo yao yatembee ovyo. Kwa sababu gani? Mtu aliyerudi katika saa hii hafungwi sana na feza ya jana. Wazee wetu wasema: maji yakimwagika hayazoleki. Kumbe kulijua neno hili ni rahisi, kulikubali kuna kazi.

Tatu, humfundisha kutokata shauri gizani. Inyasi aliweka kanuni ambayo kila mchuruzi angefanya vizuri kuishika: wakati wa ukiwa na uzito wa moyo, usibadili shauri jema ulilokata zamani ulipokuwa na nuru. Usifunge duka usiku wa hasara. Usiuze shamba siku ya msiba. Ngoja kupambazuke, kisha upime.

Kuna masimulizi ya zamani juu ya Zeno wa Citium, mchuruzi wa kisiwa cha Kipro, aliyeishi karibu miaka 300 kabla ya Kristu. Alikuwa akisafiri na shehena ya rangi ya zambarau kutoka Foinike, rangi ya bei kubwa sana siku zile. Meli ilivunjika karibu na Pireo, bandari ya Atene, na shehena ikapotea. Zeno akapanda mjini, akaketi katika duka la muuza vitabu, akasikia kikisomwa kitabu chenye habari za Sokrate. Akauliza watu wa namna ile wapatikana wapi. Akaonyeshwa mwalimu aliyekuwa akipita, akamfuata. Hivi mchuruzi aliyefilisika alipata kuwa baba wa shule ya Wastoa, waliowafundisha watu kutofautisha yaliyo katika uwezo wetu na yasiyo. Wanasema kwamba baadaye aliihesabu ajali ile kuwa safari yake njema kupita zote.

Masimulizi haya ni mazuri. Lakini tusiyamalize hapa, tutayarudia.

Mpaka wake

Kuna watu wanaosema kwamba moyo uliotulia watosha, kwamba anayeanguka na asiinuke amekosa tu kujizoeza. Maneno haya si ya kweli, tena hayana huruma.

Tuutazame mji wa Goma wenyewe. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulipasuka. Mto wa moto ulipita katikati ya mji mpaka ziwani. Ulimeza maduka, sehemu ya uwanja wa ndege, na kanisa kuu la Wakatoliki. Watu zaidi ya 100,000 walibaki bila nyumba. Hata hivyo, mawe yalipopoa watu walirudi. Waliyapasua mawe yale yale yaliyomeza nyumba zao, wakayajengea kuta. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulipasuka tena. Safari hii moto ulisimama kabla ya kuingia kati ya mji, lakini vijiji na nyumba nyingi za pembeni ziliteketea. Na mwezi wa Januari 2025 vita vilipoingia Goma na mji ukatekwa na M23, benki zilifunga milango, na wachuruzi wenye akiba yao huko wakakosa feza ya kununulia bizaa.

Watu hawa walisimama tena kwa nguvu gani? Moyo, ndiyo. Lakini pia ndugu aliyetoa chumba, jirani aliyekopesha jembe, likelemba iliyokubali kungoja, mchuruzi mkubwa aliyetoa bizaa kwa neno la mdomo. Ustahimilivu haukai ndani ya kichwa cha mtu mmoja kama mshale katika podo. Umefumwa kati ya watu, kama wavu. Kamba moja ikikatika, nyingine zashika.

Tena wahitaji mikono. Huko Lomé, katika nchi ya Togo, wataalamu walijaribu jambo kwa wachuruzi wadogo 1500, wakatoa habari zake mwaka 2017. Wengine walifundishwa hesabu na kanuni za biashara kama kawaida. Wengine walifundishwa moyo wa kuanza: kutongoja, kutazama mbele, kutafuta njia nyingine pale njia ya kwanza ilipozibwa. Wengine hawakufundishwa kitu. Wale wa moyo wa kuanza waliongeza faida yao kwa karibu 30 kwa mia, kupita wale waliofundishwa hesabu. Kweli moyo una kazi kubwa katika biashara. Lakini moyo waliofundishwa ni wa kuinuka na kutenda. Kuketi na kutulia ni mwanzo wake tu. Wazee wetu wasema: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ni kweli, lakini mhunzi hapati koleo jipya kwa kukaa kimya tu.

Kwa hiyo tajiri anayewanyima watu wake mshahara halafu anawaletea mwalimu wa kuwafundisha kupumua, huyo hafundishi ustahimilivu. Anataka wavumilie kosa lake mwenyewe. Utulivu ni zawadi njema kwa mtu anayeuchagua. Mkubwa akiutumia badala ya haki, umekuwa uongo.

Hatari yake

Sasa tufike kwenye neno lililonifanya nichukue kalamu.

Moyo wetu haukosi amani kwa sababu moja tu. Kuna hofu ya bure, kuna huzuni ya hasara, na kuna zamiri inayogonga mlango. Zote tatu huleta usiku bila usingizi. Zote tatu hukaza kifua. Anayefuata pumzi husikia zote tatu zikipungua. Lakini je, ni vizuri zote tatu zipungue?

Mwaka 2022 Hafenbrack yule yule, pamoja na wenzake wawili, alitoa habari za majaribio 8 yaliyofanywa na watu zaidi ya 1400. Waliwaambia watu wakumbuke ubaya waliomtendea mwingine. Kisha wengine walifuata pumzi, wengine hapana. Wale waliofuata pumzi walisikia uchungu wa kosa kidogo zaidi, na hamu yao ya kumtengenezea mtu waliyemkosea ilipungua pia. Lakini waliofanya zoezi la namna nyingine, la kuwakumbuka watu na kuwatakia mema, hawakupoteza hamu ile kama wenzao.

Fikiri vema maana yake. Zoezi moja laweza kuzima kengele mbili: kengele inayolia bila moto, na kengele inayolia kwa sababu nyumba yaungua. Pumzi haina macho ya kuzitofautisha. Kazi hiyo ni yetu.

Turudi sasa kwa mama wa vitenge. Tuseme amesikia shauri la rafiki yake, ameketi kila asubuhi, na baada ya majuma mawili amepata usingizi. Hasara haimtishi tena. Ni vema. Lakini tukumbuke: alipokea likelemba wa kwanza. Wako wanawake 9 wanaongoja zamu zao, na kila juma yampasa kutoa. Mmoja alitumaini kulipa feza ya shule. Mwingine ana mgonjwa. Hao nao hawalali.

Mama huyu ana njia mbili mbele yake, na zote mbili zaanza kwa kuketi kimya. Katika njia ya kwanza atasema moyoni: «Yaliyopita yamepita. Nimekubali. Sitaki mawazo mabaya yaniharibie siku.» Anapowaona wale wanawake njiani, atageuka upande mwingine, naye ataita jambo hilo kulinda amani yake. Katika njia ya pili, akiisha kutulia, ataona kitu ambacho hofu ilikuwa ikimficha: nyuso 9. Kwanza hakuweza kuzitazama, maana haya ilimchoma mno. Sasa aweza. Ataamka, atakwenda kwa mama wa likelemba, atasema: «Nina deni la majuma 9. Sina yote. Juma hili nina kiasi hiki. Mengine nitayalipa hivi na hivi. Niambieni kama mwakubali.»

Utulivu ni mmoja katika njia zote mbili. Kazi uliyotumwa ndiyo tofauti. Huko ulitumwa kufunika, huku ulitumwa kufunua.

Na Zeno? Niliahidi kumrudia. Masimulizi yasifu namna alivyochukua hasara yake. Hayatuambii kama rangi ile ilikuwa mali yake peke yake, au kama kulikuwa na mtu Foinike aliyemwaminia sehemu ya shehena na aliyekuwa akitazama bahari kila siku akingoja. Kama ilikuwa yake yote, heri yake. Kama sivyo, basi safari njema ya mmoja yaweza kuwa ajali ya mwingine. Anayesimulia jinsi alivyosimama tena, tumsifu; lakini tumwulize pia: nani alilipa?

Kipimo cha jioni

Wengine watasema: «Unamtwika mchuruzi mzigo mpya. Amepoteza mali, nawe wamletea zamiri.» Sivyo. Mzigo ulikuwapo tayari. Mtu anayejituliza bila kulipa atatakiwa kujituliza tena kesho, na kesho kutwa, maana sababu ya kengele bado ipo. Lakini anayelipa, hata kidogo kidogo, hata akichelewa, hujenga kitu ambacho tufani haizamishi: jina lake. Siku ile anapotaka kuanza tena, watu watamwaminia bizaa. Hapo ndipo ustahimilivu wa kweli wa mchuruzi ulipo. Kifua kilichotulia chamsaidia, lakini neno linaloaminiwa lamwinua.

Basi, ndugu mchuruzi, keti kila siku kitambo kidogo. Ukipenda ufuate pumzi, ufuate. Ukiwa Mkristu, fanya hivyo mbele ya Mungu, maana mbele yake hatuna haja ya kujificha. Na moyo ukiisha kutulia, usiinuke upesi. Jiulize maneno matatu. Kinachonisumbua ni hofu ya bure? Kiache kipite. Ni hasara iliyokwisha kuwa? Ikubali, kisha utafute njia nyingine. Ni haki ya mtu iliyo mikononi mwangu? Hapo usikitulize. Inuka, uende kwake.

Wazee wetu wasema: dawa ya deni ni kulipa. Pumzi itakusaidia kutembea mpaka mlangoni pake. Kugonga mlango, ugonge mwenyewe.